Malalamiko Kuhusu Programu Isiyosahau Blanketi la Mwanangu

Kwa ndugu zangu mliotengeneza programu ya kupimia kompyuta,

Sasa hivi, kabla sijafika hata kwenye salamu, mwanangu amebonyeza kitufe cha kukubali kwa kisigino. Nimemkalisha mezani, mkono mmoja umemshika kiuno, wa pili unatafuta herufi. Programu yenu ilikuwa imeuliza swali lake la mwisho: matokeo haya yahifadhiwe kwa jina gani? Jina la zamani, "namba saba", lilikuwa limeshajiandika lenyewe. Nilitaka kulifuta niandike lingine. Kisigino kikawahi. Programu ikasema ting, mwanangu akacheza, na matokeo mapya yakaingia faili moja na yale ya zamani, bega kwa bega. Nimeigeuza skrini itazame ukuta. Sitaki kuona.

Basi salamu. Mimi sijambo, mtoto hajambo, na naandika kwenye kisanduku chenu kinachosema "Tupe maoni yako". Haya, pokeeni.

Kazi yangu ni kupima kompyuta zilizotumika kabla hazijatoka karakana. Shule niliishia njiani, lakini kazi hii naipenda na mikono yangu inaijua. Niko mwezi wa majaribio, kama mashine zenyewe. Fundi mkuu alikubali nije na mtoto kwa sharti moja: asiguse mashine. Hapa karakana mtoto wanamwita Kitufe, na mimi Mama Kitufe, kwa hiyo mnaona wenyewe sharti limefika wapi. Leo saa nane, akitoka kula, fundi mkuu atafungua matokeo yangu yote aamue kama nabaki. Akiniambia nisije tena na mtoto, sina wa kumwachia, na kazi imekwisha.

Jumanne nilipima namba saba, ambayo kesho inakwenda zahanati, chumba cha chanjo, kutunza kadi za watoto. Niligeuka kuchukua waya. Niliporudi, Kitufe alikuwa ameifunika kwa blanketi lake, anaipigapiga mgongoni, "lala, lala". Kipimo kilikuwa kimekwisha: alama mia nne na kumi na mbili, wakati ndugu yake namba nane ana mia tisa. Nikalitoa blanketi, nikanyamaza, na leo nimeipima upya kimya kimya. Programu yenu haikunyamaza. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Programu yenu haisahau. Imeandika siku, saa nne na dakika kumi, joto nyuzi tisini na moja, na jina la aliyepima, yaani mimi. Mama mkwe wangu ana kumbukumbu kali, lakini naye kuna siku huchoka.

2. Haiamini mtu. Inapima mara tatu, na majibu yakitofautiana inapima ya nne na ya tano. Halafu haihifadhi wastani peke yake, inahifadhi na kila mara moja moja. Hata polisi wakikuhoji hufika mahali wakaenda kunywa chai.

3. Inalinganisha. Ukiweka matokeo mawili kwenye faili moja inachora vijiti, kirefu na kifupi, ili kila apitaye aone. Mchezo huo naujua. Nikiwa foleni ya kliniki, shangazi mmoja asiyenijua aliniuliza, "Huyu wako bado anatambaa? Wetu alitembea na miezi tisa." Niliumia wiki nzima. Namba saba je, mliiuliza inaumiaje?

4. Kuna kisanduku cha maelezo. Nilishukuru, nikaandika: "Samahani, haitarudia." Ikaihifadhi samahani yangu pamoja na saa.

5. Kila nikimaliza inaniuliza kama ningependa matokeo yatumwe mtandaoni, dunia nzima iyaone. Ndugu zangu, mimi sijamwambia hata dada yangu!

6. Kufuta kunataka neno la siri, na neno la siri analo fundi mkuu. Yaani nimwombe ufunguo yule yule ninayemficha.

Kwa hiyo naomba programu ijifunze kuhifadhi kama mama anavyohifadhi. Mwanangu alianguka mara ngapi akijifunza kutembea? Sijui. Nimehifadhi hatua tatu tu, kutoka kwenye kochi mpaka kwenye ndoo, na hizo nitazeeka nazo. Pili, siku ambayo mtoto wa mpimaji anaota meno, matokeo yasihesabiwe. Tatu, kabla ya kupima, programu iiulize mashine imelalaje. Na kama haya ni magumu, ileteni kwangu ikae wiki moja. Nitaikalisha kati ya mtoto na mashuka ya kufua, itasahau mpaka jina lake.

Nitafurahi mkinijibu kabla ya saa nane. Nisalimieni wote hapo kazini, anayefagia na anayelinda mlango, na zaidi yule aliyetunga ile ting ya mwisho. Mwambieni kuna mtoto huku anayeicheza.

Wenu mwenye matumaini,
Mama Kitufe

Nyongeza: Ndugu zangu, msifute kitu! Fundi mkuu amerudi mapema, na kabla sijatuma barua ameigeuza skrini. Nikamkumbatia mtoto. Vijiti viwili, urefu karibu mmoja: Jumanne mia nne na kumi na mbili, leo bila blanketi mia nne na tisa. Joto lile lile. Akaniuliza, "Mama Kitufe, Jumanne kulikuwa na nini ambacho leo hakipo?" Nikasema yote, mpaka lala lala. Akachukua bisibisi, akafungua mashine. Feni ya ndani haizunguki kabisa, imekwama kwenye kipande cha waya. Akasema angeona kipimo cha Jumanne peke yake, naye angelilaumu blanketi, na kesho mashine ingechemka kule chanjo na kuzimika na kadi za watoto wote, ya Kitufe ikiwemo. Basi, malalamiko yangu, la kwanza mpaka la sita, nimeyarudisha mfukoni. Hifadhini kila kitu, na samahani yangu iacheni hapo hapo na saa yake. Hata zile mara mwanangu alizoanguka, sasa najuta sikuziandika. Fundi mkuu ananiita. Anasema meza ya dirishani imeshafutwa vumbi, nije na mtoto, na nisisahau blanketi, maana kuanzia leo kila mashine itapimwa mara mbili, ya kwanza ikiwa wazi, na ya pili baada ya Kitufe kuifunika na kuiambia lala, lala. Jamani, kisigino kimefika kwenye kitufe cha kutuma kab