Jukwaa Langu la Vichuguu Itiryo

Leo nimeaibika, jamani. Wala si aibu ya kuteleza sokoni ukainuka ukajipangusa. Hii ya leo nimejifungia chumbani, dirisha nimeliziba kwa shuka, naandika nikiwa ndani ya neti. (Neti haizuii aibu. Nimejaribu.)

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa biolojia, mzaliwa wa Singida, serikali ikanileta huku Itiryo, Tarime. Nimepanga chumba kwa Mama Ghati, mjane mpole ambaye tangu nifike ananiita mwanangu. Nyuma ya nyumba ana shamba la mihogo, na katikati ya mihogo kuna kichuguu kikubwa kuliko jiko lake.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja. Nataka kuwa na jukwaa langu mtandaoni, watu waje wajadiliane, mimi niwe mwenye nyumba. La kwanza lilikuwa la elimu. Nilikuwa nauliza swali, nasubiri, nasubiri, kisha najijibu mwenyewe. (Nilijisifu pia: "Hoja nzuri sana, mwalimu.") La pili lilikuwa la mapenzi. Watu walikuja, wakauza dawa za nguvu, wakaondoka. Nikamlilia mwalimu mwenzangu, Mwita, ambaye ndiye fundi wetu wa mambo ya kompyuta.

"Mada zako ni pana mno," akaniambia. "Tafuta kitu chembamba, ambacho hakuna mwingine anacho. Waje wachache, lakini wanaokipenda kweli."

"Dhahabu?"

"Dhahabu tena! Huku hata mbuzi wanaongea dhahabu!"

Ni kweli. Tangu dhahabu ionekane bonde la jirani na watu kuanza kumiminika, huku hakuna maongezi mengine. Ukienda kununua nyanya unapewa habari za mwamba. Mchungaji akigusia mji wa mbinguni wenye njia za dhahabu, kuna watu wanatoa kalamu. Nikaapa: jukwaa langu litakuwa mbali na dhahabu kadiri inavyowezekana.

Jana jioni nimekaa nyuma ya nyumba, nimekata tamaa, natazama mihogo. Macho yakatua kwenye kichuguu. Vichuguu! Nani ana jukwaa la vichuguu? Hakuna! Mchwa wana malkia, wana askari, wana mashamba ya uyoga chini ya ardhi! Nikalitengeneza palepale. Nikalala na tabasamu kama bibi harusi.

Leo Jumamosi, hata chai sijanywa, nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, lile la misiba na ng'ombe waliopotea. Tangazo naliweka hapa lilivyo, muone mtu anavyojiponza kwa vidole vyake:

"Habari njema! Leo nafungua jukwaa la vichuguu. Watu wanavipita kila siku bila kujua utajiri uliofichwa ndani yake. Tunaanza na kichuguu cha Mama Ghati. Wahini, nafasi ni chache!"

(Nafasi hazikuwa chache. Ni Mwita aliyeniambia watu hupenda kitu chenye nafasi chache.)

Chini nikaweka picha ya kichuguu na kiungo cha kuingilia. Kiungo, asubuhi hiyo, hakuna aliyekibonyeza. Picha waliitazama wote.

Na hapa ndipo nataka kujipiga makofi. Mchwa hupandisha udongo kutoka chini kabisa. Mchimbaji akitafuta mahali papya, huanza kwa kupima udongo wa kichuguu. Huku kila mtu analijua hilo. Hata mimi nalijua! Lakini kichwani mwangu kulikuwa na malkia na uyoga wake tu.

Wa kwanza kufika alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marwa, amevaa koti lake la mikutano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Jukwaa umelijenga wapi?"

"Liko kwenye simu, mzee."

Akaitazama simu. Akanitazama mimi. "Sasa tutakaaje?"

Kabla sijajibu, vijana wakapita na sululu. Nyuma yao wengine na beleshi, na karai, na ndoo. Nikawasalimia kwa furaha. (Nilidhani wanaenda machimboni kwao. Nikawatakia kazi njema!) Ikaja na pikipiki moja imebeba ndugu za watu kutoka upande wa Kenya.

"Madam, sisi tumetoka ng'ambo. Shamba ya dhahabu ni hii?"

"Hakuna dhahabu hapa! Ni mjadala!"

"Mjadala ya bei ama?"

Ndipo nikasikia mhogo wa kwanza ukikatika.

Mama Ghati alikuwa ameenda gulioni. Nikakimbia shambani peke yangu, nikapanda juu ya kichuguu, nikanyoosha mikono kama mwamuzi wa mpira.

"Ndugu zangu! Humu ndani kuna mchwa! Mchwa tu!"

"Mwalimu, umeandika utajiri," akasema mmoja anaitwa Chacha, sululu begani.

"Utajiri wa maarifa!"

Wakatazamana.

"Anatufukuza abaki nacho peke yake," akasema Chacha, akamgeukia kijana wa karibu yake. "Mura, chimba."

Wakachimba. Mimi nikiwa juu! Kichuguu kinatikisika, mihogo inang'olewa na kurushwa pembeni, mchwa wanakimbia kila upande na mimi nataka kukimbia nao. Kwa mbali nikamwona mkuu wangu wa shule anakuja. Nikashukuru Mungu. Msomi mwenzangu! Mtu wa nidhamu!

"Mkuu, waambie hawa watu!"

Akafika, akavua koti, akanipa. "Nishikie hili, mwalimu." Akaomba beleshi.

Na hayo yote ningeyavumilia, jamani. Kinachonifungia humu ndani ni hiki kinachofuata.

Mtu alipiga kelele: "Inang'aa! Inang'aaaa!"

Mimi. Mwenye shahada ya biolojia. Niliyekuwa nikiapa sasa hivi kwamba hamna kitu. Sikumbuki kuamua chochote. Najua tu kwamba niliruka chini, nikamkanyaga mwenyekiti, koti la mkuu likaenda kusikojulikana, nikapiga magoti nikaanza kukumbatia udongo. Nilifungua kanga niliyojifunga kiunoni nikaujaza humo. Askari wa mchwa wananing'ata vidole, sijali! Na nilipiga kelele, wamesikia hadi barabarani:

"Tokeni! Hiki ni changu! Mimi ndiye niliyekitangaza!"

Sululu zikasimama. Nikadhani wameniogopa. Nikainua kichwa.

Mama Ghati alikuwa amesimama mbele yangu na kikapu chake cha dagaa. Miguuni pake mihogo imelala chini, mibichi, mingine imekanyagwa. Na kanga niliyoijaza udongo ni yake, aliniazima wiki hii nilipougua homa.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiwa bado nimepiga magoti. (Ningesema nini?)

Hakuitikia. Chacha akakisugua kile kilichong'aa kwenye suruali yake, akakiinua juani. Karatasi ya pipi.

"Mwalimu," akasema Mama Ghati. Taratibu tu. Siku zote ni mwanangu. Leo nimekuwa mwalimu. "Mihogo hii nilikuwa nangoja ikomae kidogo tu. Hawa watu umewaita wewe?"

"Niliwaita wazungumze, mama."

"Wazungumze nini?"

"Vichuguu."

"Halafu?"

"Basi."

Akafikiri. "Watu wazima wakae. Wazungumze kichuguu. Halafu basi."

Hapo kicheko kilipasuka. Mzee Marwa alicheka mpaka akakaa chini, akisugua mguu niliomkanyaga. Wale wa ng'ambo walicheka wakaniomba tupige picha pamoja. Mimi nililia. Na kulia huku una udongo usoni na mchwa kwenye nywele si kulia kwa heshima.

Mwenyekiti alipopata pumzi akatoa hukumu palepale: waliochimba wafukie, walioing'oa mihogo waimenye yote na kuianika, isiharibike, unga upatikane. Mkuu wa shule alimenya amenipa mgongo. Mimi nikapewa kazi ya kupanda upya. Nimeshinda nimeinama nachomeka vipande vya mashina ardhini, Mama Ghati ananielekeza kwa kidole, neno hatoi. Mchana nilikuta sahani ya ugali na dagaa mlangoni pangu, imefunikwa. Nikasema asante mama. Akaingia ndani. (Ugali nimekula. Lakini ule ukimya ndio umenikaba.)

Kuhusu jukwaa: limejaa. Ndiyo, mmesikia, limejaa! Wameingia watu hadi wa Nyansurura, hadi wa Robanda, wilaya nyingine kabisa, na wote wanauliza kichuguu kinachofuata kiko kwa nani. Ni mmoja tu aliyeuliza swali la maana: "Mwalimu, malkia wa mchwa anaishi ndani sana?" Nilikaribia kulia tena, safari hii kwa furaha. Nikamwandikia maelezo marefu, vyumba, uyoga, askari, kila kitu. Akajibu: "Nimekuelewa. Sasa dhahabu iko kulia kwake au kushoto?"

Nimelifunga.

Mwita, kumbe naye alikuwepo shambani, alirekodi kila kitu. Video iko kwenye lile kundi la kijiji, imekaa katikati ya tangazo la mazishi na ng'ombe mwekundu aliyepotea. Waombolezaji nao wameweka alama za kucheka.

Kesho nitagonga kwa Mama Ghati niombe msamaha kwa maneno yaliyonyooka, na kanga yake nimeshaifua. Ninyi nawaomba kitu kimoja tu: msinicheke. Na atakayeshindwa kabisa kujizuia, achekee ndani kwake, polepole, maana huku Itiryo watu wakisikia kelele za furaha kwa jirani wanajua dhahabu imeonekana.