Koti la Njombe na Kinyume cha Logi

Leo nimedhalilika mbele ya wanafunzi arobaini na wawili na mkuu wa shule, na bado nina furaha mpaka chakula hakipiti. Kaeni niwasimulie mwenyewe, maana kwa ninavyoijua Mtwara, habari imeshafika sokoni na imeongezwa chumvi.

Mnaonijua mnajua kwamba huu ni mwaka wa pili nafundisha hesabu kidato cha tano kwa kujitolea, shule moja huku Ufukoni. Kujitolea maana yake unafanya kila kitu anachofanya mwalimu, ila wewe si mwalimu. Wiki iliyopita mkuu wetu, Madam Chilumba, aliniita ofisini. Mama huyu maneno yake ni machache. Akaniambia, "Mwalimu Sanga, imepatikana nafasi ya mkataba, moja tu. Jumatano nitakaa darasani kwako. Nikiona watoto wanaelewa, naandika barua ya kukuombea. Nikiona wanakariri, namwombea mwingine."

Leo ndiyo Jumatano. Na mada yenyewe ni kinyume cha logi na vipeo. (Msikimbie. Hesabu ni ndogo, nitawashika mkono.)

Sasa, asubuhi. Shati langu la maana ni moja, jeupe. Mengine mawili yalikuwa kwenye beseni, nimeyaloweka mwenyewe jana kwa bidii zangu. Umeme hakuna. Nikaenda kwa jirani yangu hapa Rahaleo, Mama Somoe, kuazima pasi ya mkaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pasi hii kali sana. Ijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu."

"Najua, mama."

Nina shahada ya hesabu mimi. Pasi itanishinda?

Nikapiga kola. Nikapiga mikono na kifua, vikanyooka vizuri. Huku nafanya mazoezi ya somo kwa sauti, shati ndiyo darasa langu. Nikageuza upande wa mgongo. Nikafika kwenye lile swali ambalo watoto wamekuwa wakilikosea wiki nzima, nikasimama kufikiria nitawaelezaje. Mkono mmoja ulikuwa hewani unaeleza. Mkono wa pili ulikuwa juu ya pasi, umetulia. (Mimi nikifikiri huwa nafikiri kweli.) Harufu ndiyo iliyonishtua. Nilipoinyanyua pasi, kipande cha shati kikaja nayo. Lilibaki tundu katikati ya mgongo, na lilikuwa na umbo la pasi kabisa, ncha juu, kitako chini.

Mama Somoe akachungulia dirishani. "Umeijaribu kwenye kitambaa kibovu?"

"Ndiyo, mama," nikasema. Kwa wakati ule haukuwa uongo.

Nikatazama ukutani. Pale msumarini limening'inia koti langu la Njombe. Kwetu Njombe koti ni nguo ya kawaida, unavaa mwaka mzima na baridi bado inakutafuta. Langu ni zito, lina bitana nene, mama alininunulia nikienda chuo. Tangu nifike Mtwara sijalivaa hata siku moja, mijusi wamelizoea. Lakini hebu fikirini: kola safi, kifua safi, mikono safi. Nikivaa koti juu, nani atauona mgongo? Nilijiona mjanja sana. Na kwa kuwa joto lilikuwa limeshaanza, nikaamua singlendi niiache nyumbani, nisije nikazimia.

Dereva wa bodaboda aliniangalia juu mpaka chini. "Mwalimu, msiba wapi?"

"Hakuna msiba."

"Basi harusi."

"Hakuna harusi. Twende."

Njia nzima alikuwa ananitazama kwenye kioo. Getini mlinzi akanipa pole ya homa. Nikaipokea, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Saa nne kamili nikaingia darasani. Madam Chilumba alikuwa ameshakaa nyuma kabisa, daftari mapajani, kalamu mkononi. Jasho lilianzia shingoni likawa linashuka kwa utaratibu wake. Nikaandika ubaoni:

y = log₂(x − 3) + 1

Nikawaambia, hii ni safari tu. Unaingia na namba, unatoa tatu. Kisha unaitafutia logi ya kizio mbili, yaani unauliza, mbili nizipandishe kwa kipeo gani nipate namba hii? Mwisho unajumlisha moja. Tukaingia na kumi na moja. Toa tatu, nane. Mbili kwa kipeo cha tatu ni nane, kwa hiyo logi yake ni tatu. Jumlisha moja, nne. Safari imeisha, tumefika kwenye nne. Kinyume ni kutoka pale kwenye nne mpaka nyumbani kwenye kumi na moja.

"Nani atatuongoza kurudi?"

Rukia akanyoosha mkono. Rukia anakaa mbele, ana akili, na ana ubishi kuliko akili. "Kwenda tulianza na ile tatu, mwalimu. Kurudi si tunaanza nayo pia? Nne jumlisha tatu, saba. Mbili kwa kipeo cha saba, mia moja ishirini na nane. Toa moja, mia moja ishirini na saba."

"Sawa darasa?"

"Sawaaa."

Tumetoka na kumi na moja, tumerudi na mia moja ishirini na saba, na wote wanaona sawa. Nikaeleza kwa Kiingereza cha kitabuni. Nikachora mishale ya kwenda na ya kurudi. "Tumeelewa?" "Ndiyooo." "Haya, rudieni." Wakarudia kwa moyo mmoja: mia moja ishirini na saba. Kule nyuma Madam akaandika kitu daftarini. Kilikuwa kifupi. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi, maana kitu kifupi hakiwezi kuwa sifa.

Zilibaki dakika kumi na tano. Jasho limeingia machoni, nikajifuta kwa mkono wa koti, na hapo hapo nikapata mfano. Koti!

"Nitazameni mimi," nikasema. "Asubuhi nilivaa singlendi. Juu yake nikavaa shati. Juu ya shati, koti." Nikaandika ubaoni: singlendi ni kutoa tatu, shati ni logi, koti ni kujumlisha moja. "Nikirudi nyumbani navua nini kwanza?"

Wengi wakasema koti. Saidi, aliyekaa karibu na mlango, akasema hata singlendi inaweza kutangulia, unaingiza tu mkono kwa ndani unaichomoa. Darasa likagawanyika. Wengine wanasema haiwezekani, wengine wanasema binamu zao wanafanya. Rukia akamaliza ubishi. "Mwalimu, tuonyeshe basi."

Jamani. Mwalimu aliyekuwa anahangaika akishapata mfano unaofanya kazi, usimwamini tena kwa jambo lingine lolote. Nilikuwa nimenogewa. Nikavua koti kwa mbwembwe, nikalitupia kwenye kiti, nikasema, "Kilichovaliwa mwisho ndicho kinachovuliwa kwanza." Kisha nikageuka ubaoni kuandika.

Nikasikia upepo mgongoni. Upepo mzuri tu, wa baharini. Nikafurahi nusu sekunde. Halafu nikakumbuka kwamba mtu aliyevaa shati hapaswi kuusikia upepo kiasi hicho.

Saidi akasema taratibu, "Hiyo ni pasi ya mkaa." Basi, kikaanguka kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Madawati yanapigwa, watu wanalia, mmoja ametoka nje anajishika mbavu. Nikageuka haraka nikaubandika mgongo ukutani. Mbele ya watoto wangu, mbele ya mama aliyeshika maisha yangu kwenye daftari. Aibu niliyoiona pale siwezi kuieleza. Nilikuwa nahesabu moyoni basi la Njombe linaondoka saa ngapi.

Rukia peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso, mkono juu.

"Sema, Rukia." (Hiyo sauti haikuwa yangu.)

"Mwalimu, singlendi haipo."

"Nimeliona hilo."

"Hapana, namaanisha kwenye hesabu. Kama singlendi haipo, basi ile tatu hatuna. Naomba nije."

Akaja. Nilimpisha kwa kutembea upande upande ukutani kama kaa, mgongo haubanduki. Akafuta tatu kwa kiganja, ikabaki logi ya x, jumlisha moja. "Zimebaki nguo mbili. Tukiingia na nane, logi yake tatu, jumlisha moja, nne. Sasa narudi. Navua koti, natoa moja, tatu. Navua shati, mbili kwa kipeo cha tatu, nane." Akaitazama ile nane aliyoiandika. "Imerudi nane ileile."

Kicheko kilikuwa kimepungua. Akaendelea, lakini sasa hakuwa anaongea na mimi, alikuwa anaongea na chaki. "Kwa hiyo siku mwalimu akivaa singlendi, inatoka mwisho. Nane jumlisha tatu... kumi na moja." Akageukia wenzake. "Jamani, ni kumi na moja. Ile tatu inasubiri mwisho."

Na darasa zima likasema "Aaaah." Ndefu, kutoka chini kabisa. Walimu mnaijua hiyo. Ukiisikia mara moja kwa muhula umeshukuru. Nilisahau mgongo, nilisahau basi, nilitaka kumkumbatia mtu na hakukuwa na wa kumkumbatia isipokuwa ukuta.

Madam Chilumba akasimama. Viatu vyake vinasikika, ko, ko, ko, mpaka mbele. Hakunitazama. Akachukua chaki, akaandika la kwake:

y = 3^(x + 2) − 4

"Hii si logi, hii ni kipeo," akasema. Akapitisha macho darasani, akaipita mikono yote iliyokuwa juu, akasimama kwa Mwanahawa. Mwanahawa anatoka Madimba, wazazi wake ni wakulima wa korosho na mihogo. Muhula mzima hajawahi kujibu swali langu hata moja, ukimwita anatazama meza. Nikasema moyoni, basi tena.

"Wewe, binti."

"Mimi, madam?"

"Wewe. Amevaa nini huyu?"

Mwanahawa akasimama, akatazama ubao muda mrefu. "Singlendi ni kujumlisha mbili. Shati ni kupandisha tatu kwa kipeo. Koti ni kutoa nne."

"Mvue."

(Hapo wengine walikufa tena. Madam mwenyewe hakutikisika.)

"Koti, najumlisha nne. Shati, natafuta logi ya kizio tatu. Singlendi, natoa mbili."

"Hakikisha."

Mwanahawa akaingia na moja. Moja jumlisha mbili, tatu. Tatu kwa kipeo cha tatu, ishirini na saba. Toa nne, ishirini na tatu. Akarudi kwa sauti ambayo ilikuwa inakua kila hatua: "Ishirini na tatu jumlisha nne, ishirini na saba. Logi yake tatu. Toa mbili, moja. Madam, imerudi moja."

Wenzake walimpigia makofi. Alikaa chini anacheka amejifunika uso kwa daftari, na mimi nikatazama dirishani kidogo, maana machozi yalikuwa karibu na nilikuwa nimeshaonyesha vya kutosha kwa siku moja.

Kengele ikalia. Madam akaliokota koti kitini, akalikung'uta, akanishikia nyuma kama mama anavyomvalisha mtoto. Nikaingiza mikono. "Njoo ofisini," akasema.

Ofisini akalifungua daftari mbele yangu. Juu kulikuwa kumeandikwa "Wanakariri", na limekatwa mstari. Chini yake, "Wameelewa. Hata wa nyuma."

"Barua inaondoka leo," akasema. "Kuna fomu pia ya kujaza. Wanauliza mwalimu ametumia zana gani za kufundishia."

"Utaandika nini, madam?"

"Nimeshaandika. Koti." Akainama kwenye fomu, mabega yanacheza, na ndiyo mara ya kwanza nimemwona mama huyu akicheka. "Shati nimeona nisilitaje."

Basi ndugu zangu, nimeumbuka na nimeshinda, vyote ndani ya kipindi kimoja, na barua imeshaondoka. Kucheka naruhusu, ila si bure. Anayetaka kunicheka aniwekee kwanza hapa chini kinyume cha y = 2^(x − 5) + 7. Atakayekosa anipongeze tu anyamaze, mwenzake Mwanahawa la namna hii amelipata.