Skylab Juu ya Paa Langu

Jumatatu, 9 Julai 1979. Kikole.
Redio imesema tena. Skylab, ile nyumba ya Wamarekani inayozunguka angani, inashuka. Itaangukia wapi? Hakuna ajuaye! Kijiji kizima kina hofu. Mimi nina furaha. Mke wangu Tawakali yuko kwa mama yake, huko Masoko, tangu masika, paa lilipovuja tukalowa kitandani. Ameapa harudi mpaka niezeke upya. Makuti yote hayo asuke nani? Mgongo wangu huu? Lakini mtu akiangukiwa na chombo cha Wamarekani, kijiji hakiwezi kumtupa.

Jumatano, 11 Julai.
Nimeokota karai kuukuu nyuma ya ofisi ya kijiji. Nimelichoma, nikaliponda kwa nyundo, likawa na sura mbaya kabisa. Safi! Jioni nikasukuma paa kwa mchi kutoka ndani. Nilitaka tundu la kiasi. Nusu ya paa imenijia kichwani. Naandika haya jikoni, nina nundu.

Alhamisi, 12 Julai.
Alfajiri nimepiga ukelele. Wamekuja wote. Mwenyekiti wetu, Mzee Mfaume, akasema redio imetangaza kimeangukia baharini na Australia. Nikamjibu kuwa hiki kipande kilipotea njia. Bi Maftaha, anayetupikia uji siku za kupalilia shamba la kijiji, akakipokea, akakigeuza, akauliza tangu lini Wamarekani wanapika uji. Karai lake! Amelitafuta tangu jana. Watu wamecheka mpaka wakakaa chini. Aibu gani hii! Na Tawakali ndiyo basi tena.

Ijumaa, 13 Julai.
Baada ya sala nikasikia kundi la watu linakuja. Nikajibanza nyuma ya mkorosho. Kumbe wamebeba makuti! Mzee Mfaume akaniita, akasema kijiji hakimwachi mtu wake anyeshewe, hata akiwa mwongo. Wameezeka mpaka magharibi. Bi Maftaha kaleta uji, bakuli la kwanza kanipa mimi. Nimelia mbele za watu. Sikustahili. Mungu awalipe, mimi siwezi.

Jumamosi, 14 Julai.
Tawakali amerudi! Habari zilimfikia huko Masoko, akacheka mpaka hasira zikamwisha. Amelitazama paa, akanishika mkono. Nani kama mimi leo? Nimesali rakaa mbili za shukrani.

Kisha akasema choo kimeinama, nikijenge upya. Nimekwenda kumuuliza mwalimu Yohana huko angani vimebaki vyombo vingapi. Akasema mamia. Mamia! Vingine vya Warusi! Wakati wa kurudi nimepitia zahanati. Kuna ndoo kuukuu pale ukutani, naona haina mwenyewe.