Skana ya Babu Haina Ugonjwa

Jumatatu, 4 Agosti

Jambo hili sijamwambia mtu, na ninaliandika kwa penseli ili aibu ikinizidi nilifute. Skana ya Babu haina ugonjwa wowote. Ugonjwa ni mimi.

Nieleze kwa utaratibu. Babu ni fundi viatu. Anafanya kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu tangu Baba hajazaliwa, na kila mteja anayetaka kiatu kipya humsimamisha juu ya karatasi na kumchora nyayo. Pembeni huandika habari za miguu hiyo. "Wa kushoto mkubwa, asiambiwe." "Kidole gumba kina hasira." "Huyu hubana tumbo akipimwa miguu, sijui kwa nini." Masanduku ya bati yamejaa miguu ya mtaa mzima.

Sasa macho ya Babu yanafifia. Shangazi anataka akaishi kwake, mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Babu amekubali kwa sharti moja: hatoki hapa mpaka miguu yote iingie kwenye kompyuta, maana kwa Shangazi masanduku hayana pa kukaa. Basi Shangazi kamtuma mwanawe na skana mpya, ile ya kumeza karatasi na kupeleka picha kwenye kompyuta kwa waifai.

Mwanawe huyo tunamwita Chaji, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila chaja shingoni. Amekagua masanduku akasema ni kazi ya wiki mbili, kwa sababu karatasi kuukuu huingia moja moja.

Wiki mbili tu! Halafu nitamsomea nani? Shuleni siongei. Mama anasema hata nikiomba chumvi nasikika kama ninayeomba msamaha. Kwa Babu peke yake, jioni, nyundo ikipumzika, nafungua kitabu na sauti inatoka yenyewe. Ananiita Profesa. Tumebakiza sura tatu za riwaya nene kuliko zote tulizowahi kuanza.

Nimesoma kijitabu cha skana chote. Kimeniokoa. Ruta yetu hutoa mitandao miwili, mmoja wa kasi na mmoja wa polepole, na yote ina jina moja, kwa hiyo ukiondoka mmoja hakuna anayeona pengo. Simu na kompyuta hupokea wowote. Skana inaujua ule wa polepole tu. Nimeingia kwenye mipangilio ya ruta nikauzima wa polepole. Skana imeanza kupepesa taa ya rangi ya machungwa kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni.

Hakuna aliyeshuku. Mimi ni gwiji!

Jumanne, 5 Agosti

Chaji ameanza matibabu. Kazima skana, kawasha. Kazima ruta, kawasha. Kaipandisha skana juu ya ruta ikakaa kama kuku anayeatamia. Wapi! Kaingiza nywila upya, herufi moja moja, kwa kile kitufe kidogo cha mshale, akitoa ulimi nje. Machungwa.

Akaniuliza kama mimi, msomi wa ukoo, nina wazo lolote. Nikasema labda ni hali ya hewa. Akaniangalia. Nafikiri nilijibu upesi mno.

Halafu akataka waya wa kuunganishia. Nikamwambia siku hizi skana haziji na waya. Akasema hajawahi kusikia upuuzi kama huo, lakini alipofungua boksi hakukuta kitu. Waya nilishautia ndani ya buti la mpira lililoko dirishani, ambalo mteja kalisahau tangu masika.

Jioni Babu kaniita tusome. Nikamwambia nashughulikia mashine kwanza. Ukweli nilikuwa nalinda ruta. Alisema haya, Profesa, kazi mbele. Nilimsikia akijikohoza peke yake karakana, kisha akaanza kugonga soli ambayo nadhani haikuhitaji kugongwa.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa.

Chaji ameigeuza simu yake ikawa ndiyo mtandao. Skana ikaishika simu, kompyuta ikaishika simu, taa ikawa kijani. Kijitabu hakikulisema hilo! (Kilisema. Kwenye nyongeza. Mimi nyongeza huwa sisomi.)

Asubuhi nzima miguu ikamezwa. Mwalimu wangu wa hesabu kapita: "Bapa kama sahani, lakini hulipa bila maneno." Babu akaomba kuilisha mashine mwenyewe. Aliilisha kama mtoto mchanga, akiibembeleza: haya mama, meza, huyu mtu mzuri, na huyu meza tu, hana ubaya, kunuka kwa soksi si dhambi. Alikuwa anafurahi. Nimeandika hilo ili nisijidanganye baadaye kwamba sikuliona.

Nililiona, na bado nikafikiri hivi: simu ndiyo mtandao. Simu ikitoka, mtandao unatoka. Na Chaji haiachi simu hata akienda kunawa. Nikamnong'oneza kwamba yule msichana wa duka la vipodozi, ng'ambo ya barabara, alikuwa akimuulizia. Kajichana nywele kwa vidole, katoka mbio, na mtandao mfukoni.

Skana ikalia mara moja, ikabana. Karatasi nusu ndani, nusu nje. Babu kwa macho yake yale akadhani imekwama tu, akaivuta. Ikachanika kisiginoni.

Zilikuwa nyayo za Bibi. Marehemu Bibi, alipokuja kama mteja, kabla hawajaoana. Pembeni Babu wa wakati ule kaandika: "Mguu mwepesi. Viatu vyake visicheleweshwe."

Babu akaiomba skana radhi. Mashine! Akasema imsamehe, mikono yake imezoea nyundo, haijui kushika vitu vya watoto. Nilisimama pale na maneno yote niliyoyakusanya vitabuni. Halikutoka hata moja.

Chaji alirudi kanuna. Yule msichana kamuuliza ananunua au anapunga upepo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilidhani nimechelewesha safari. Kumbe!

Babu ametangaza wakati wa chai. Basi, imetosha. Waliokwisha kuingia wameingia, waliobaki wakae kwenye masanduku yao, yeye hataharibu tena. Akapiga simu kwa Shangazi. Shangazi akasema kwa sauti iliyojaa sebule nzima kwamba ni heri, maana daktari wa macho ana nafasi Jumatatu, na kwamba kwa muda wote huu amekuwa akimbembeleza baba yake kama bibi harusi. Tiketi ni za Jumamosi. Mama kaenda jikoni kukata vitunguu, na hatukuwa na chochote cha kupika chenye kitunguu.

Jumamosi! Ningeiacha skana ifanye kazi yake ningekuwa na wiki mbili. Tamaa mbele, mauti nyuma. Mithali hiyo nimeiandikia insha mara mbili na nikapata alama nzuri zote mbili.

Nimekata shauri kuungama. Nimefanya mazoezi mbele ya rafu ya viatu vilivyokwisha tengenezwa. Viatu husikiliza vizuri. Nimekwenda kwa Babu, nikasema, "Babu, ile skana..." Akanishika mkono, akasema nisijilaumu kwa kushindwa kuitengeneza, nimehangaika sana wiki hii, kaniona. Kaniona! Akaniuliza kama leo tutasoma.

Nikasema kesho. Nilikuwa nimepata wazo jipya na lilikuwa linanichoma miguuni. Nikaenda kwenye ruta, nikauwasha mtandao wa polepole. Taa ikawa kijani. Nikapiga kelele kwamba imepona, kwamba sasa kazi inaweza kuendelea, na kwamba kwa hiyo hakuna haja ya mtu yeyote kusafiri Jumamosi.

Babu alifurahi mno. Akasema vizuri sana, basi nimalizie mimi, yeye anaondoka akiwa na amani.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya, na kisa chake ni sifa. Kila aliyekuja kuaga kasimuliwa jinsi mjukuu alivyoiponya mashine iliyomshinda hata Chaji. Muuza mboga kanishika kichwa akaniombea dua. Mwalimu wangu wa hesabu, yule wa sahani, kasema hakujua kama nina kipaji hicho, na hakujua kama nina sauti. Sifa isiyo yako inawasha kama sweta la sufu kwenye ngozi tupu.

Chaji alikuwa kaikazia ruta macho, akiuma waya wa chaja.

Hatukusoma. Wageni walikaa mpaka Babu akasinzia kitini.

Jumamosi, 9 Agosti

Ameondoka.

Stendi ilikuwa na vumbi na makelele. Babu alisimama kando ya basi na begi lake la zamani, lile ambalo zipu yake ilikufa zamani. Alikuwa amelifunga katikati kwa kamba nyeusi, imara, ya kung'aa. Akamwonyesha Chaji kwa fahari. Akasema kaipata ndani ya buti la mpira, hajawahi kuona gidamu ngumu namna hii, viwanda vya siku hizi vinajitahidi.

Ulikuwa waya wa skana.

Chaji aliutazama waya. Akanitazama mimi. Niliangalia matairi. Akanisogelea, akasema polepole ili Babu asisikie: "Profesa." Hajawahi kuniita hivyo, huniita Miwani. Halafu akasema, "Ungenyamaza tu, dada, ungekuwa naye wiki mbili." Akaongeza kwamba hatamwambia mtu, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mzee. Kisha akapanda basi kumshikia Babu kiti cha dirishani. Ningependa kuendelea kumchukia Chaji, lakini amenivurugia.

Babu kaniuliza yule mwanamke kwenye riwaya alirudi kwao au hakurudi. Nikamwambia sijui, sijasoma bila yeye. Akasema vyema, tusije tukapishana njiani. Basi likapiga honi. Nilitaka kusema lile jambo, lote, kuanzia Jumatatu. Nikafungua mdomo. Nikamwambia afunge mkanda.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeskani siku nzima. Mashine haikukohoa hata mara moja. Nyayo za Bibi nimezigundisha kwa nyuma na gundi ya Babu, nikazilaza chini ya kitabu kizito, nikaziingiza mwisho. Zimepita salama. Mpasuko unaonekana kisiginoni.

Karakana haina sauti. Sikujua kwamba hata kimya cha nyundo kilikuwa na mtu ndani yake.

Nimejifunza somo langu. Ninaliandika kwa wino: sitafanya hila tena maishani.

Jumanne, 12 Agosti

Babu kapiga simu. Daktari ameyaona macho, amesema yanatibika, atafanyiwa upasuaji wiki ijayo na baada ya hapo apumzike. Nimefurahi kweli. Nimefurahi mpaka nikakaa chini.

Kisha akauliza miguu imefika wapi. Niko sanduku la mwisho, ningeweza kumaliza kesho. Akasema nikimaliza nimwambie Chaji aje aichukue skana, na Baba atafute mtu wa kupangisha chumba cha mbele, maana chumba hakipaswi kulala njaa. Akasema sasa haitakuwapo sababu ya kumsumbua mtu kumrudisha huku.

Niliangalia rafu. Niliangalia kigoda chake. Sauti ikanitoka yenyewe, safi, bila kukwama. Nikasema, "Babu, imegoma tena."

Akashtuka. Akauliza taa ni ya rangi gani. Nikasema machungwa. Nikasema nimejaribu kila kitu. Nikasema nadhani inamtaka mwenyewe, inaonekana ilizoea kulishwa na yeye. Halafu Babu akacheka, kile kicheko chake cha puani, akasema basi isilazimishwe, maskini. Macho yakishapona atapanda basi aje aibembeleze mwenyewe, na chumba kisipangishwe kwanza.

Tumeagana. Nimeweka simu mezani. Nimeenda kwenye ruta, nikafungua mipangilio, nikauzima mtandao wa polepole, nikasimama hapo mpaka taa ya skana ilipoanza kupepesa.