Vita vya Bibi Yuzhen na Dafu la Sanya

Sogeeni, enyi wenye masikio, na mwenye sufuria mekoni aitegue, kwa maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Nasimulia vita. Nasimulia namna Guan Yuzhen, binti wa nchi ya barafu, jemadari mstaafu wa mitambo ya kusokota kitani kule Harbin, kaskazini mwa Uchina, alivyosimama uso kwa uso na dafu moja bichi, lenye kichwa kigumu kuliko cha mumewe, na namna damu isivyomwagika hata tone, ila maji yakamwagika mno. Nanyi mliozaliwa chini ya minazi, mnaochonga dafu kwa panga huku mkibishana mambo ya mpira, nawasihi msicheke mapema. Kila mtu ana ngome yake ya kuiteka, na ngome ya mwingine huuzwa kando ya barabara pamoja na mrija.

Ilikuwa desturi ya Bibi Yuzhen kwamba kila mwaka, mto Songhua ulipoganda hata malori yakavuka juu yake kama barabarani, yeye na mumewe Mzee Tan hukunja mablanketi yao, wakapanda ndege, wakakimbilia kusini kwenye jua la Sanya. Huko walipanga nyumba katika jengo ambalo tangu sakafu hadi paa halikusikika ila lafudhi ya Harbin, hata wauza mboga wa mtaa ule walikuwa wamejifunza kutukana kwayo. Na kutoka huko, akiwa amevaa gauni la mikono mifupi na kofia ya ukindu, Bibi Yuzhen alimpigia simu ya picha shoga yake wa tangu ujana, Sui Fengqin, ambaye walisimama naye mtambo kwa mtambo kiwandani hadi nywele zikawageuka mvi, wakitaniana bila kuchoka.

“Dafu?” alikuwa akimwambia. “Mdogo wangu, mimi nalipiga mara tatu tu. Kwa, kwa, kwa! Linafunguka lenyewe kwa woga.”

Naye akainua dafu lililokwisha kufunguliwa, na kisu mkononi, akatabasamu kama mshindi. Kumbe aliyelifungua ni mama muuza madafu wa pale kwenye kona. Bibi Yuzhen kazi yake ilikuwa kunywa.

Basi majira ya kupukutika majani, mume wa Fengqin akafariki. Na ulipoingia mwezi wa kwanza, baada ya kubembelezwa kwa simu hadi simu ikapata moto, Fengqin akakubali kuja kutembea siku chache, na tikiti ya kurudi akawa nayo mkobani, tarehe yake ni kabla ya mwaka mpya wa kwao.

Alitoka uwanja wa ndege kama boma linalotembea: koti la manyoya hadi vifundoni, kofia yenye masikio, na suruali tatu za sufu, moja juu ya nyingine. Begani, kabichi chachu na soseji nyekundu. Mkononi, mfuko wa matunda ya peasi yaliyogandishwa kwa barafu, yaliyokwisha kuanza kulia machozi. Koti alivua. Kofia alivua. Suruali akakataa.

“Vua walau moja, watu wanatutazama,” Yuzhen akamwambia.

“Mwezi wa kwanza ni mwezi wa kwanza popote ulipo,” akanena Fengqin wa Suruali Tatu. “Magoti yangu hayajui ramani.”

Jioni ile, mezani, Bibi Yuzhen akajaribu. “Kaa nasi mpaka mwaka mpya upite.”

“Nina tikiti.”

“Tikiti hubadilishwa.”

“Mimi sibadilishwi. Nije nijitandaze kwenye kochi la watu kama mzigo uliosahaulika stesheni? Hapana, dada.”

Akasema hivyo huku akisukuma kabichi huku na huku katika bakuli bila kula. Yuzhen akamtazama, akaona kwa macho ya moyo ile nyumba ya Harbin usiku wa sikukuu: bakuli moja, vijiti jozi moja, televisheni ikijisemesha yenyewe. Alitaka kusema neno la upole. Lakini hawa wawili hawakuwa wamewahi kuambiana neno la upole maisha yao yote, na mtu haanzi kujifunza uogeleaji kwenye kina kirefu. Kwa hiyo akasema, “Basi kula, usinipotezee kabichi,” na wakaenda kulala.

Kulipokucha wakapita kwenye kona. Mama muuza madafu akamwona mteja wake, akachekelea, akainua panga.

“Wee mama, shusha hilo panga!” Fengqin akapaza sauti. “Huyu dada yangu ni bingwa. Anafungua mwenyewe.”

Muuza madafu akamtazama Bibi Yuzhen. Akafungua mdomo. Akayaona macho ya Yuzhen yakimwomba kwa jina la kila lililo jema, akaufunga. Kisha, kwa heshima zote, akachagua dafu kubwa kuliko yote, bichi, la kijani, limekaza kama ngumi, akampa.

Wakafika uani, chini ya jengo lao, na hapo Fengqin akasimama, akashika kiuno.

“Dada, tuweke dau. Ukilifungua kabla wali wa mchana haujaiva, tikiti nachana, nakaa kwenu mpaka mwaka mpya upite na Sikukuu ya Taa ije. Ukishindwa, nakwenda zangu, na nitalisimulia jambo hili Harbin nzima.”

“Harbin nzima?”

“Na vitongoji vyake.”

Basi jemadari gani hurudi nyuma mbele ya maneno kama hayo? Mzee Tan, aliyekuwa dirishani ghorofa ya pili, akatawazwa papo hapo kuwa Mlinzi wa Wali. Akaapa kutangaza kwa haki jungu la umeme litakapolia. Bibi Yuzhen akapanda, akashuka na kisu chake kipana cha jikoni, mkata-kabichi, mvunja-mifupa ya nguruwe. Akaliweka adui juu ya meza ya mawe. Akavuta pumzi.

Kisu kikashuka. Buu! Kikaruka juu kama kilichopiga mpira wa gari. Akapiga tena, nacho kikazama nusu kidole, kikagoma kutoka, hata alipokiinua kikainuka na dafu lake, naye akawa amesimama pale na nyundo ya kijani mkononi. Majirani wakatokea madirishani kama wageni wa harusi.

“Lipige kitovuni!” akaita mmoja.

“Lina kitovu?”

“Kila kilichozaliwa kina kitovu!”

Ikaletwa bisibisi, ikapinda. Ikaazimwa nyundo ya mtunza jengo, ikamponda Yuzhen kidole gumba, naye akasema maneno ambayo historia imeyasitiri. Ndipo, jasho likimtiririka hadi kwenye kope, akarudi hatua moja, akaliinamia dafu, akalihutubia mbele ya halaiki:

“Wewe! Wewe usiye na macho wala masikio! Mimi nimeituliza mitambo iliyowafanya mafundi watatu waombe uhamisho! Nimelea watoto wawili na mume mmoja! Unadhani utanishinda wewe, tunda la kunywewa kwa mrija? Leo ama zangu ama zako!”

Akapiga kwa nguvu zote za kaskazini. Kisu kikachomoka. Na dafu, likiwa zima, likaruka mezani, likagonga ngazi, likashika njia ya mteremko. Likakimbia! Likapita katikati ya akina mama waliokuwa wakicheza ngoma ya asubuhi, wakatawanyika wakipunga mapepeo, likamruka paka, likafika ukingoni mwa bwawa la kuogelea, likasita kidogo kama linaloaga, likatumbukia. Chubwi!

“Mzee Tan!” akalia Yuzhen akikimbia. “Wali vipi?”

“Bado!”

Lakini dafu lilikuwa limeshaelea hadi katikati ya bwawa, likijigeuza-geuza juani kwa starehe zote. Na Bibi Yuzhen, ole wake, hakujua kuogelea. Miaka yote ile katika mji wa bahari alikuwa amelowesha vifundo vya miguu tu. Akasimama ukingoni, kisu mkononi, nywele zimesimama. Akauona wali ukiiva. Akaliona kochi likibaki tupu. Mlinzi wa bwawa akaweka filimbi mdomoni, akijiandaa kwa asilolijua.

Ndipo kitu kizito kikampita ubavuni kwa upepo, na bwawa likapasuka. Alikuwa ni Fengqin, na suruali zake zote tatu.

Filimbi ikalia kwa ghadhabu. “Mama! Mama! Hairuhusiwi kuogelea na suruali!”

“Ipi?” akajibu Fengqin, akipasua maji kama alivyofundishwa na mto Songhua utotoni. “Ninazo tatu!”

Akalifikia dafu. Akalikumbatia kifuani. Lakini sufu ilikuwa imekunywa maji ya bwawa hadi ikashiba, ikaanza kumvuta chini, na kila alipopiga hatua moja mbele suruali zilirudi mbili nyuma. Yuzhen akanyakua fagio la mlinzi, akamnyooshea mpini. Akina mama wa ngoma wakamshika Yuzhen kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakavuta. Suruali mbili zikamvuka mgeni, zikabaki zikielea. Fengqin akatoka na moja, na dafu, na magoti yake yakaliona jua la mwezi wa kwanza kupitia matundu yaliyokuwa yamefichwa siku zote.

Wakakaa ukingoni, wakihema.

“Una wazimu?” akasema Yuzhen. “Si ulitaka nishindwe?”

“Nani alitaka?”

“Sikiliza, Fengqin. Mimi sijawahi kufungua dafu maisha yangu yote.”

“Najua. Kwenye simu ulikishika kisu kwa upande butu.”

“Ulijua! Sasa dau la nini?”

Fengqin akajipangusa uso, akajipangusa tena, ijapokuwa maji yalikuwa yamekwisha. “Kwa sababu kuomba siwezi, dada. Na kuhurumiwa sitaki. Nikasema, nikishindwa dau, nakaa, na hakuna wa kusema neno. Nilidhani hata kwa kubahatisha utalipasua! Nani angejua u mbovu kiasi hiki?”

Yuzhen akamtazama. Kicheko kikamtoka tumboni, kikamwangusha chali juu ya vigae, na Fengqin akafuata, hata mlinzi wa bwawa akasahau alilotaka kuwakaripia.

“Mzee Tan!” wakaita kwa pamoja.

“Bado!” likaja jibu, na mpaka leo mzee yule anaapa kwamba siku ile umeme ulikuwa dhaifu, wala hakuna mkono wa mtu uliogusa waya wa jungu.

Wakarudi vitani kwenye meza ya mawe, mlinzi wa bwawa nyuma yao, sasa wawili, kama enzi za mtambo kwa mtambo. Suruali mbili zilizolowa wakazisokota zikawa kata, mfano wa ile ya kubebea mtungi kichwani, na dafu likakaa humo, halina pa kukimbilia. Fengqin akakisimamisha kisu. Yuzhen akainua nyundo.

“Usinipige mkono.”

“Usitikisike.”

“Natetemeka kwa baridi!”

“Baridi gani, Sanya hii?”

Moja! Kisu kikazama. Mbili! Tatu, nne, na ya tano ikatoa sauti ndogo, tamu, kama mlango wa rafiki unaofunguliwa; na maji yakaruka juu kwa mshale mmoja, yakaingia moja kwa moja kwenye filimbi ya mlinzi, nayo ikakohoa.

Ngome imetekwa! Yalikuwa yamesalia mafunda machache. Yuzhen akampa mgeni kwanza, kwa mikono miwili.

“Yakoje?”

Fengqin akafikiri. “Kama maji ya kuoshea mchele yaliyopita karibu na duka la sukari.” Akanywa tena. “Lete hapa, usilimalize.”

Hapo vigelegele vikatoka madirishani, na mapepeo yakapungwa, na ngoma ikabadilishwa kuwa ya mwendo wa ushindi. Akina mama wakalibeba lile ganda juu ya mapepeo saba, wakalizungusha uani kote, mashujaa wawili wakiwa mbele, mmoja na gumba lililovimba, mwingine akidondosha maji kila hatua. Wakaliweka mezani kwa mtunza jengo, mahali pa heshima, ili vizazi vilione. Na haukupita muda, kutoka kila ufa wa jengo lile, sisimizi wakaja kwa safu ndefu zilizonyooka, maelfu kwa maelfu, kutoa heshima zao.