Sukari Imeshuka kwa Waraka

Nina furaha kuutangazia umma kwamba sukari imeshuka. Imeshuka wilaya nzima, ndani ya wiki mbili, bila dawa mpya na bila mtu yeyote kuacha soda. Imeshuka kwa waraka, na waraka huo niliutia saini mimi.

Kabla yangu mambo yalikuwa ovyo. Sista wa kliniki ya kisukari alikuwa na kundi la kwenye simu, wagonjwa mia na ushee. Kila asubuhi mtu anajipima, anatuma: "Sista, leo nina kumi na sita." Naye anajibu palepale, bila kikao, bila muhtasari: "Jana ulikula nini, baba? Usinifiche." Wanataniana, wanasutana, wanapeana moyo. Kundi halina hata kaulimbiu! Jamani, niliona aibu kwa niaba ya serikali.

Tukalichukua. Nikaunda Kamati ya Uhakiki wa Ujumbe, wajumbe tisa, mwenyekiti mimi. Mgonjwa anatuma kwa kamati, kamati ikiridhika ndipo ujumbe unapanda. Vipimo vilivyozidi kumi tulivirudisha kwa heshima, maana vinavunja watu moyo. Vilivyobaki vikapanda pamoja na picha yangu nikijipima, ingawa kidole kilikuwa cha dereva wangu. Wastani ukaporomoka, tukapigiwa makofi.

Sista akaja ofisini bila hata hodi.

"Mkurugenzi, yule fundi cherehani ana kidonda mguuni. Katuma picha mara tatu, mnamrudishia."

"Sista, picha yenyewe umeiona? Haina mvuto."

"Ni kidonda!"

"Ndiyo maana tumemshauri apige nyingine, ule mguu ulio mzima ukae mbele."

"Mguu unaoza, mzee! Ukikatwa, cherehani ataikanyagia nini?"

Nikamjulisha kwamba suala hilo lipo kwenye mchakato. Akasonya, akaondoka. Nikaandika kwenye kumbukumbu: mdau ameelewa.

Wiki ya tatu tukafanya hafla ya mafanikio. Keki ilikuwa na umbo la mashine ya kupimia sukari. Nikala kipande cha mwenyekiti, kisha cha makamu, ambaye alichelewa kwa hiari yake. Kidole gumba cha mguu kilikuwa kimechubuliwa na viatu vipya siku nyingi, lakini hakikuniuma, nami sikuwa na muda nacho.

Nilifika nyumbani na kiu ya ajabu, macho yana ukungu. Mke wangu akanivua soksi.

"Mungu wangu! Baba watoto, kidole cheusi hiki!"

Akanipima. Ishirini na mbili.

Nikatuma kwenye kundi letu. Jibu lilikuja mara moja, na kasi hiyo naipongeza: "Ndugu mwanachama, kipimo chako hakiendani na mafanikio ya wilaya. Tafadhali tuma kingine." Chini yake, saini yangu. Nikampigia makamu.

"Pole sana, mzee. Ila kwa kanuni zako, wewe pekee ndiye unayeweza kuruhusu kipimo kama hicho. Na kwa kanuni zako tena, mjumbe haamui jambo linalomhusu."

Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa.

Mke wangu akatoa simu yake, akapiga picha kidole, akaituma mahali. Nikachungulia. Lilikuwa kundi jipya la Sista! Siku ileile aliyotoka ofisini kwangu alikuwa amewahamishia wagonjwa wote huko, sisi tukabaki tunahakiki salamu zetu wenyewe.

"Wewe umeingiaje humo?" nikamuuliza.

"Nina sukari mwaka wa tatu sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara nne. Mara zote nne kamati yako ilinirudishia."

Simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa fundi cherehani, na nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda mbio, inakanyagwa kwa miguu miwili.

"Dada, mlete mzee kliniki sasa hivi, Sista anamsubiri. Asivae kiatu. Na hiyo picha, mwambie asiwe na wasiwasi. Huku kwetu hatuangalii mvuto."