Ngoma Mbili, Lori Moja

Jumatano, 7 Desemba 1994

Nimekasirika tangu asubuhi. Mzee Machibya, afisa utumishi wa kiwanda chetu cha minofu ya sangara hapa Mwanza, katutangazia mimi na Selina, mwenzangu wa mafunzo, kwamba nafasi ya ajira ni moja. Moja! Mafunzo ya vitendo miezi mitatu, nanuka samaki mpaka kwenye nywele, halafu nishindanishwe na Selina anayechelewa kila Jumatatu! Ijumaa ni Sikukuu ya Uhuru, na lori la kiwanda litapita uwanjani mbele ya mgeni rasmi. Selina apambe lori. Mimi nitafute ngoma. Atakayefanya vizuri, ajira yake.

Shida ni kwamba nyumbani Shirati wanajua kazi nimeshaipata. Wiki iliyopita nilituma salamu kwa mtu wa boti. Baba alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, soko huria limemrudisha kwenye mihogo. Ningemwambia nini?

Alhamisi, 8 Desemba

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ndefu! Nimepata kikundi Buswelu, cha Ngosha, manju anayeongoza ngoma. Wanarusha majembe juu na kuyadaka. Nimepata kingine Igogo, cha manju Maige. Hao wana chatu. Nichague kipi? Mjinga ndiye anayechagua. Nimealika vyote viwili, lori moja.

Selina kaniuliza ni Wagika au Wagalu. Nikamwambia ni Watanzania. Akasema mtu wa Mara kama mimi angeuliza kwanza, maana ngoma za Kisukuma zina pande mbili. Nikamjibu kwamba miaka thelathini na mitatu ya Uhuru hatuna pande. Akacheka! Wivu huo.

Ijumaa, 9 Desemba

Sikukuu ya nani?

Ngosha ni Mgika. Maige ni Mgalu. Tangu enzi za babu zao wanacheza kwa kushindana: kila upande na duara lake, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Kila mtoto wa Mwanza analijua hilo, na hakuna hata mmoja aliyeniambia! (Selina hahesabiki.)

Walipoonana kwenye lori wote wakashuka. Maige akaniuliza nani kanituma nimroge. Nikawakumbusha umoja wa kitaifa. Ngosha akaniambia nipishe njia, akajipaka dawa usoni, akaenda kona ya kulia ya uwanja. Maige akashika ya kushoto. Mgeni rasmi ndiyo kwanza anafungua hotuba, ngoma zikalia. Watu wakainuka, nusu kulia, nusu kushoto. Watoto wa halaiki nao. Hata mpiga tarumbeta wa bendi! Mgeni rasmi akabaki anavihutubia viti.

Nikamwona Mzee Machibya anavua koti. Nikajua anakuja kunipiga. Hakuja. Alikimbilia kwa Wagalu, akaingia katikati, akatikisa mabega, chatu wa Maige shingoni juu ya tai! Mara majembe ya Ngosha yakaruka yote kwa pamoja, na watu wote wa kushoto wakahamia kulia. Mzee akabaki peke yake na nyoka.

Jumamosi, 10 Desemba

Nimeshinda ndani. Watoto wa jirani wanacheza Wagika na Wagalu uani. Mmoja wamemfunga kamba shingoni, wanamwita Afisa. Nimewafukuza. Wamerudi.

Jumapili, 11 Desemba

Mtu wa boti kaja na jogoo. Mama kasema ni wa bosi, shukrani kwa kumwajiri mwanawe. Ni yule mwekundu, wa mbegu, hawana mwingine. Nimelia kidogo. Kisha nikakasirika. Kosa ni la mtu wa boti. Salamu zote hizo alizifikisha za nini?

Jumatatu, 12 Desemba

Nimeingia kwa Mzee na jogoo kwapani. Nikatoa shikamoo. Marahaba ikachelewa. Nikaanza kuomba radhi kwa hotuba kuharibika, akanikatiza. Hotuba haimhusu! Anataka kujua kwa nini nilileta Wagika siku ambayo Wagalu hawajajiandaa. Marehemu baba yake alikuwa manju wa Wagalu, na uwanja ule hawakuwahi kushindwa. Mbele ya Mwanza nzima nimemwacha na nyoka!

Selina, kumbe, alishaingia kabla yangu. Kawaendea manju wote wawili, kapanga marudiano baada ya mavuno, Wagalu wapate muda. Ajira kapewa yeye.

Jogoo Mzee alimpokea. Naliandika tena: JOGOO ALIMPOKEA.

Jumanne, 13 Desemba

Nimehamishiwa getini kuuza mapanki, mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu. Nzi na mimi. Kina mama wanunuzi wananiita Mgeni Rasmi. Selina kapita, kanisalimia kwa upole. Kwa upole! Sitamsamehe.

Lakini sijafa. Krismasi kutakuwa na sherehe ya wafanyakazi. Hakuna aliyenituma, ndiyo maana Mzee atashangaa. Kuna kwaya mbili Igogo zilizokuwa moja mpaka Pasaka, zikagawanyika kwa kugombania kinanda. Zote zinaimba vizuri mno. Nimezialika zote. Kinanda watatumia kimoja.

Selina kasema niulize kwanza. Safari hii nimecheka mimi.

Mtu wa boti anarudi Shirati jioni. Nimemwambia amwambie mama nimepandishwa cheo.